Ukifika Nakuru, Usimsahau Ndege wa Uani

Ndugu msomaji, ukisema unakwenda Nakuru kutazama ndege, hakuna atakayekuuliza ni ndege gani. Kila mtu atajua unakwenda ziwani kuwaona flamingo, wale ambao Kiswahili huwaita heroe, ambao wamelipatia ziwa hilo sifa duniani kote. Utalipa kiingilio langoni mwa mbuga iliyotengwa na taifa tangu 1968, utapiga picha, na jioni utarudi nyumbani umeridhika.

Lakini huenda usiwakute wengi kama walivyoonekana katika picha za zamani. Heroe hula mwani mdogo unaoota katika maji ya magadi. Kuanzia mwaka wa 2010 hivi, maji ya Ziwa Nakuru yalianza kujaa kupita kiasi, yakameza barabara na hata lango kuu la mbuga. Magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na heroe kwa maelfu wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Ndege huyo hakungoja kuhurumiwa. Alikunjua mabawa akafuata chakula chake.

Leo nataka nikutembeze Nakuru ukamtazame ndege mwingine, asiye na kiingilio wala picha katika vitabu vya watalii. Huyu ni kuku wa uani. Naye pia ana shida ya chakula, ila yeye hana mabawa ya kumfikisha Bogoria. Chakula chake hakina budi kumfuata alipo. Swali ni hili: chakula hicho kitoke wapi, na kwa bei gani?

KUSHUKA BONDENI

Tuanzie Nairobi, maana wengi wenu ndiko mliko. Matatu ya Nakuru itakuchukua kilomita 160 hivi. Ukipita Limuru, ardhi hufunguka ghafla upande wa kushoto na Bonde la Ufa likalala mbele yako, Mlima Longonot ukiwa umekaa katikati kama chungu kilichopasuka mdomo. Ukikaribia Naivasha utaona vibanda virefu vya nailoni vinavyometameta juani. Humo hupandwa maua yanayouzwa Ulaya. Vikumbuke vibanda hivyo, kwa maana tutavihitaji kabla ya safari yetu kwisha.

Naivasha pia ina kituo cha utafiti cha shirika la KALRO, na jina la mji huo si geni kwa wafugaji wa kuku. Ni kutoka huko ambako wengi walijipatia vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, wale wanaotaga zaidi kuliko kuku wa nyanya zetu lakini bado wana akili ya kujitafutia.

Utapita Gilgil, utaliona Ziwa Elementaita likimeremeta kwa mbali, utavuka Lanet, na hapo ndipo Nakuru. Reli ilifika hapa mwaka wa 1900 na mji ukaota kandokando yake. Mnamo tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hadhi ya jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Uko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, kati ya ziwa upande wa kusini na kreta ya Menengai upande wa kaskazini. Beba sweta. Mchana jua la Nakuru huchoma, lakini mwezi wa Julai usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi. Hili la baridi nalo likumbuke.

SOKONI, KISHA GIOTO

Shuka stejini uelekee sokoni asubuhi. Nakuru ni kama meza ya Bonde la Ufa. Viazi na kabeji hushuka kutoka Molo na Mau Narok, karoti na njegere kutoka nyanda za baridi, tikiti na maembe kutoka Baringo, ndizi kutoka Kisii. Mama mboga huketi wakichambua, na kisu kikifanya kazi huanguka majani ya nje ya kabeji, mabua ya sukuma wiki, nyanya zilizopasuka njiani, maembe yaliyoiva kupita kiasi. Ifikapo saa tano rundo limefika magotini.

Fuata rundo hilo. Likizolewa na magari hupelekwa Gioto, jaa kubwa la jiji lililoko upande wa mteremko wa Menengai. Wazee wa Nakuru hupenda kukumbusha kwamba kulikuwa na enzi ambapo mji wao ulisifiwa kuwa safi kuliko yote Afrika Mashariki. Ukisimama karibu na Gioto utaelewa kwa nini wanaisema sifa hiyo kwa majonzi. Moshi haukatiki. Binadamu, wakiwemo watoto, hupekua humo kutafuta plastiki na vyuma vya kuuza, wakigombea nafasi na korongo wa mataka na mbwa.

Sasa chungua kilichomo. Ganda la kiazi lililoondoka sokoni likiwa safi limelala pamoja na betri ya redio, kopo la rangi, nepi na mkebe wa dawa ya kunyunyizia mimea. Lilikuwa chakula saa tatu asubuhi. Kufikia alasiri halimfai hata nzi. Lishike jambo hilo, ndugu msomaji, kwa maana ndilo kiini cha makala haya: kati ya chakula na sumu hapa Nakuru pana safari moja tu ya lori.

Nakuru si mji wa kukata tamaa kuhusu taka. Kampuni ya maji na majitaka ya hapa imeanzisha kampuni tanzu inayokausha kinyesi cha vyoo, kukichoma na kukichanganya na unga wa mbao uliochomwa ili kutengeneza makaa ya kupikia. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakanunua. Basi ikiwa kinyesi kimepika chai, ganda la kiazi lashindwaje kulisha kuku?

BEI YA MCHUZI

Kabla ya kujibu, tupite kwenye duka la agroveti. Mfugaji akiingia humo hutoka akikuna kichwa. Mahindi na pumba za ngano si tatizo kubwa katika eneo hili, kwani Njoro na Rongai ni nchi ya nafaka na vinu vimo mjini. Kinachopandisha bei ya chakula cha kuku ni protini, yaani kile kinachojenga nyama na yai. Protini hiyo hutoka hasa katika soya, ambayo nyingi huagizwa kutoka nchi jirani na mbali zaidi, na katika omena wa Ziwa Victoria.

Omena! Samaki huyo mdogo ndiye nyama ya wiki nzima katika nyumba nyingi za Bondeni, Kaptembwo na Rhonda. Sehemu kubwa ya omena wanaovuliwa haifiki mezani, huishia katika mashine za kusaga chakula cha mifugo. Kwa hivyo mama anaponunua kikombe cha omena kwa watoto wake, anashindana na kiwanda. Na kuna misimu ambapo uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na hapo bei hupaa kwa wote wawili.

Kuku mwenyewe, laiti angeulizwa, asingetaja omena wala soya. Angetaja dudu. Mwangalie akiachiliwa shambani baada ya mvua ya kwanza ya masika, kumbikumbi wanapotoka ardhini. Hukimbia kama aliyesikia jina lake. Katika sehemu nyingi za Afrika wafugaji hawangoji bahati hiyo. Huko Togo na Burkina Faso hujaza chungu mabua na samadi yenye unyevu, wakakifunika kifudifudi juu ya tundu la mchwa. Siku inayofuata hukikung'uta, na vifaranga hupata karamu. Lakini katika ploti ya Nakuru yenye sakafu ya saruji na ua wa mabati, mchwa utamtoa wapi?

NZI ASIYEPENDA NYUMBA YAKO

Hapa ndipo anapoingia mdudu ambaye wengi wenu mmemwona bila kumjua. Ni nzi mkubwa mweusi, mwembamba kama nyigu, mwenye miguu iliyopakwa nyeupe miishoni. Wataalamu humwita Hermetia illucens. Asili yake ni bara la Amerika, lakini leo ameenea katika nchi zote za joto, Kenya ikiwemo. Wafugaji wetu humwita kwa herufi tatu tu za Kizungu, BSF.

Ondoa kinyaa kwanza. Huyu si nzi wa chooni. Hatui juu ya ugali wako, kwa kuwa akishakuwa na mabawa hana haja ya chakula chetu, maji yamtosha. Haumi wala hadungi. Huishi wiki moja au mbili hivi, muda wa kupata mwenzi, kutaga na kufa. Jike hutaga mayai yapatayo 500, tena hayatagi ndani ya uozo wenyewe bali katika ufa mkavu ulio karibu nao.

Mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi. Hapo huzaliwa mabuu, na sina maana ya funza wale wa miguuni. Mabuu hawa hawana kazi nyingine duniani ila kula. Kwa wiki mbili au tatu hula maganda, mabaki ya githeri, matunda yaliyooza, machicha ya pombe na hata samadi. Rundo hupungua kwa nusu au zaidi. Tena palipo na mabuu hawa wengi, nzi wa kawaida hupata taabu ya kuzaliana.

Wakishiba, hubadilika rangi kutoka maziwa hadi kahawia iliyokolea, wakaacha chakula na kupanda juu kutafuta mahali pakavu pa kujificha. Tabia hiyo ni neema kwa mfugaji. Ukiweka ubao wa mteremko kutoka beseni hadi kwenye ndoo, watajivuna wenyewe. Utaamka asubuhi ukute ndoo imejaa.

Na ndani ya buu mna nini? Ukimkausha, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini, na karibu theluthi moja ni mafuta. Ana chokaa nyingi pia, ile inayotengeneza ganda la yai. Kinachobaki beseni ni mbolea nyeusi nzuri kwa sukuma wiki.

BARIDI YA BONDE

Sasa fuatana nami hadi Kiamunyi, au rudi Lanet, mitaa ambayo nyuma ya nyumba bado pana nafasi ya kibanda cha kuku kumi. Hapa ndipo unapofahamu kwa nini jambo linaloonekana rahisi katika maelezo huwashinda wengi wakilifanya Nakuru.

Nzi huyu ni mtoto wa joto. Humstawisha joto la nyuzi 25 hadi 30 au zaidi kidogo. Ukiteremka upande wa Mogotio na Marigat, kuelekea Baringo, joto hilo liko karibu mwaka mzima. Lakini Nakuru usiku hulipati. Mabuu waliopigwa na baridi hawafi upesi. Huzubaa, wakala polepole, na chakula kikaoza kabla hakijaliwa. Ndipo harufu inapoanza na jirani akaja kubisha.

Nzi wazima nao hupandana kwenye mwanga wa jua. Julai ya mawingu huweza kupita bila mayai ya kutosha.

Dawa yake umeiona ulipokuwa ukipita Naivasha. Maua huishi katika nailoni, na mdudu naye vivyo hivyo. Limuru, mahali penye baridi kuliko Nakuru, kampuni ya InsectiPro huwafuga nzi hawa kwa wingi ndani ya majumba ya aina hiyo. Wewe huhitaji jumba. Kibanda cha fito chenye nailoni, kilichoegemea ukuta unaopigwa na jua la mchana, kitatosha. Usiku funika mabeseni kwa magunia makavu. Mabuu wenyewe wakiwa wengi pamoja hutoa joto, kama watoto waliolala kitanda kimoja.

Ushauri wa pili ni huu: mwenye kuku kumi halazimiki kufuga nzi wazima. Kama vile unavyonunua vifaranga bila kumiliki mashine ya kuangulia, waweza kununua mayai ya nzi au mabuu wachanga kutoka kwa mzalishaji. Gramu moja ya mayai ina mayai zaidi ya 30,000, kwa hivyo kiasi kidogo sana kinatosha nyumba moja. Ukitaka kujaribu mwenyewe katika miezi ya joto, chukua ndoo yenye matunda yaliyochacha, uifunike kwa wavu, na juu yake uweke vipande vya katoni yenye mikunjo. Iweke kivulini na uwe na subira. Akipita jike, atataga kwenye mikunjo ile.

BESENI LA UANI

Kazi yenyewe si ngumu. Mayai yakianguliwa, walishe wachanga pumba iliyolowanishwa kwa siku tano hivi. Kisha wahamishie kwenye beseni pana. Wape maganda yaliyokatwa vidogo vidogo, kimo cha vidole vichache tu, na usiongeze mengine mpaka wamalize. Ukikamata konzi ya chakula chao na kuikamua, yatoke matone machache. Maji yakichuruzika, ongeza pumba au unga wa mbao mkavu. Weka beseni mahali ambapo mvua haifiki, na panya na sisimizi hawafiki.

Ukishavuna, waache mabuu siku nzima bila chakula ili watoe uchafu tumboni. Wengine huwapa kuku wakiwa hai, na hakuna mchezo unaowapendeza kuku kama huo. Lakini njia iliyo salama zaidi ni kuwatumbukiza katika maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha kuwaanika juani juu ya bati safi mpaka wakauke kama omena. Hivyo wataweka kwa wiki kadhaa.

Wanafunzi, kazi hii ni yenu. Yale mliyochora daftarini, yai, buu, bundo na mdudu mzima, yatatokea mbele ya macho yenu katika muda wa wiki sita au saba, na mtihani utakuwa umejibiwa na kuku.

HESABU ISIYO NA UONGO

Msomaji, wako watu watakaokuambia kwamba ukiwa na ndoo ya mabuu hutanunua tena chakula cha kuku. Usiwaamini kabla hujapiga hesabu.

Kuku mzima hula gramu 120 hivi kwa siku. Kumi watakula kilo 1 na gramu 200. Nyumba ya watu sita jikoni mwake hutoka kama kilo 2 za maganda na makombo kwa siku. Kilo 10 za taka mbichi hutoa kilo 1 hadi 2 za mabuu hai, kwa hiyo kilo zako 2 zitatoa gramu 200 hadi 400. Wakikauka hubaki kama theluthi, yaani gramu 70 hadi 130.

Hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya chakula cha kuku wako. Ni kidogo? Ndiyo, kwa uzito. Lakini ni ile sehemu iliyo ghali, sehemu ya omena. Ukiongezea mahindi yaliyovunjwa, pumba, mboga za majani na nafasi ya kuparua ardhi, kuku wa kienyeji atakushukuru kwa mayai. Kwa kuku wa kisasa wa mayai waliofungiwa, kiasi hicho hakitoshi, na ukiwanyima chakula chao kamili watagoma kutaga. Ukitaka mabuu zaidi, zungumza na mama mboga au mwenye hoteli ya karibu akuwekee maganda katika ndoo yake ya peke yake.

Wala usizidishe, hata ukiwa nao tele. Mafuta yaliyomo ni mengi. Watafiti wa icipe, kile kituo cha wadudu kilichoasisiwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, pamoja na wenzao wa vyuo vyetu, wamewalisha kuku wa nyama unga wa mabuu hadi asilimia 15 ya chakula chote. Kuku walikua sawa na wenzao waliokula soya na samaki, na gharama ikapungua.

Ukipata wasaa, panda matatu ya Njoro, mwendo mfupi tu kutoka mjini, ufike Chuo Kikuu cha Egerton. Kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo kwa ajili ya walowezi na kikawa chuo kikuu kamili mnamo 1987. Kuku wa kienyeji, ambaye zamani aliachiwa akina mama na watoto, siku hizi hushughulikiwa hapo na maprofesa. Serikali nayo haikubaki nyuma. Mnamo 2017 Shirika la Viwango nchini lilitoa kanuni za wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Ulaya iliruhusu kuku na nguruwe walishwe unga wa wadudu mwaka wa 2021 tu. Katika hili, Kenya iliwatangulia.

TAHADHARI

Turudi Gioto kwa dakika moja. Huenda umewaza: ikiwa mabuu hula kila kinachooza, mbona tusiwamwage jaani wakalimaliza? Jibu ni kwamba mabuu hawachagui, na si kila wanachokula hutoka mwilini mwao. Madini mabaya yanayotoka katika betri na rangi, kama kadimiamu na risasi, huweza kujikusanya ndani yao. Buu huliwa na kuku, kuku hutaga yai, yai huliwa na mtoto wako. Kwa hiyo usichukue taka za jaani hata siku moja. Chukua za jikoni mwako, au za mtu unayemjua, kabla hazijachanganywa.

Nyama iliyooza iache, kwa sababu ya harufu na maradhi. Mboga iliyonyunyiziwa dawa jana iache pia, kwa kuwa dawa hiyo ilitengenezwa kuua wadudu na haitabagua. Mabuu wa nzi wa kawaida, wale wadogo weupe walioko chooni, usiwape kuku. Na usidhani mabuu ni kinga: kideri, ule ugonjwa ambao wengi huuita Newcastle, huja hata kwa kuku aliyeshiba. Chanja. Mwisho, ukiwa mpangaji, sema na mwenye nyumba na jirani kabla ya kuleta beseni. Yai moja moja la Jumapili limewahi kutuliza majirani wengi.

Sasa labda umeona kwa nini nilikuomba uje Nakuru ingawa ganda la kiazi liko kila mahali. Hapa unaweza kuyaona yote kwa siku moja: shamba lililotoa kiazi, soko lililokimenya, jaa lililokiharibu, na kuku aliyekuwa akikihitaji. Umbali kati ya soko na jaa ni kilomita chache tu. Umbali kati ya jiko lako na banda la kuku ni hatua ishirini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki huanza na ndoo mbili jikoni badala ya moja: moja ya maganda, na nyingine ya kila kitu kingine. Hata usipofuga kuku wala nzi, ndoo hiyo ya pili unaweza kuianza leo jioni, na bila shaka yuko jirani yako mwenye kuku atakayeigombania.